Mdakaji aliyeanza kazi mara tatu

Aprili mwaka jana mwanangu Baraka alirudi kutoka mazoezini akiburuta mfuko mweusi uliokaribia kumzidi kimo. Alipoufungua pale sebuleni vikatoka vitu kama vya askari wa kutuliza ghasia: barakoa ya chuma, kinga ya kifua, shinigadi zinazopanda mpaka juu ya magoti, na glavu nene ya duara kama mto wa kukalia. Mama yake akachungulia kutoka jikoni, akauliza, "Baba Baraka, huyu anakwenda kucheza au anakwenda vitani?"

Nikamuuliza mtoto kwa nini ameichagua nafasi hiyo.

"Sikuichagua, baba. Kocha aliuliza nani anataka. Wote wakatazama viatu vyao."

Nilicheka peke yangu, maana hali hiyo naijua. Mimi nilikuwa golikipa wa timu ya shule kule Morogoro, na golini niliingia kwa njia hiyohiyo. Mtaani kwetu hapakuwa na mtoto aliyekwenda golini kwa hiari. Anapelekwa mnene, au mdogo, au yule aliyechelewa kufika. Ukishakaa pale siku mbili tatu watu wanakuita "kipa", na jina likishakushika huna pa kwenda.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo wa besiboli, picha ni hii. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, juu ya kichuguu kidogo. Mita 18 na ushee mbele yake yupo mpigaji na gongo lake (Watanzania msicheke, ndilo neno nililonalo). Nyuma ya mpigaji, amechuchumaa kama mtu anayepuliza jiko la mkaa, yupo mdakaji. Wachezaji wanane wa timu yake wanatazama upande mmoja, na yeye peke yake anawatazama wao. Anadaka kila mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha, na kwenye ligi kuu mpira huo huja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Yeye ndiye anayemwashiria mrushaji kwa vidole ni mpira wa aina gani arushe, akivificha kati ya mapaja ili wapinzani wasione. Anachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Wamarekani wenyewe wana utani wao kwamba yale mavazi ni zana za ujinga, kwa sababu mwenye akili timamu hawezi kuyavaa.

Tunaishi Nashua, New Hampshire, mji wa viwanda vya nguo vya zamani, hatua chache kutoka mpaka wa Massachusetts. Upo uwanja hapa unaoitwa Holman, ulifunguliwa mwaka 1937, wa matofali, na kiangazi huchezea timu ya wanachuo, Nashua Silver Knights. Baraka alipopewa ule mfuko niliona ni wajibu wangu kujifunza mchezo, basi nikanunua tiketi nikaenda na rafiki yangu wa ghalani, mtu wa Bukavu. Dakika ishirini zikapita. Akanigeukia: "Mais Mwalimu, huu muchezo gani? Batu banasimama tu!"

Mzee mmoja wa hapa alikuwa amekaa mbele yetu. Kiswahili haelewi hata neno, lakini aliona mikono ya rafiki yangu ilivyokuwa inalalamika hewani, akageuka akaanza kutufafanulia. Alitufundisha kwa zamu tatu nzima za mchezo bila kuchoka. Nilipomwambia mwanangu ni mdakaji, akanyoosha kidole chini, pale nyuma ya besi ya nyumbani, yaani mahali anaposimama mpigaji, akasema pale ndipo alipokuwa anachuchumaa Roy Campanella, mwaka 1946.

Usiku ule zamu yangu ya ghala ilianza saa nne. Wakati wa mapumziko nikatoa simu, nikaanza kumsoma huyu Campanella, na mpaka leo sijaacha.

Niseme wazi kilichonishika. Kwa miaka mingi vitabu vya takwimu vya Marekani vilieleza kwamba Campanella alianza mwaka 1948, akiwa na miaka 26. Alianza! Mtu aliyekuwa amelipwa mshahara wa kudaka mpira kwa miaka 11, katika nchi tano au sita, anaandikwa kwamba ndiyo kwanza anaanza. Mimi nilifundisha hesabu Morogoro miaka tisa. Nilipofika hapa, kwenye usaili wangu wa kwanza, dada mmoja mpole aliniuliza nina uzoefu gani. Nikaeleza yote, mpaka wanafunzi wangu waliokwenda uhandisi. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akauliza tena, taratibu, kana kwamba sikumsikia mara ya kwanza: "Namaanisha uzoefu wa hapa?"

Kwa hiyo tuanze alipoanza kweli.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 19 Novemba 1921. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Sisilia, muuza mboga na matunda. Mama yake, Ida, alikuwa Mmarekani mweusi, muumini wa Kibaptisti asiyefanya mzaha na siku ya Jumapili. Kwa sheria isiyoandikwa ya wakati ule, damu ya mama ilitosha: kijana ni mweusi, na mlango wa ligi kuu umefungwa. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyopata nafasi yake. Kocha wa shule alichora miduara, kila mduara kwa nafasi moja, akawaambia wavulana kila mmoja asimame anapotaka. Kwenye mduara wa mdakaji hakukuwa na mtu. Akaenda kusimama hapo, kwa sababu hapo hapakuwa na foleni.

Nilipomsomea Baraka kisa hicho, hakushangaa. Alisema tu, "Ndiyo."

Mwaka 1937, akiwa na miaka 15, alianza kucheza mwishoni mwa wiki na timu ya watu wazima iliyoitwa Bacharach Giants. Unaweza kufikiria mazungumzo ya nyumbani kwao kuhusu hizo Jumapili. Mwaka huohuo akachukuliwa na Elite Giants, timu ya ligi za Weusi iliyokuwa Washington na mwaka uliofuata ikahamia Baltimore. Alipotimiza miaka 16 akaacha shule.

Kwenye Elite Giants alimkuta Biz Mackey. Waandishi wa besiboli wanaandika sana habari za Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya ishirini, na wana haki, lakini katika maisha ya mdakaji huyu mtu ninayetaka kukaa naye kidogo ni Mackey. Alizaliwa mwaka 1897, kwa hiyo wakati huo alikuwa na miaka 40, magoti yamechoka, na alikuwa meneja na mdakaji kwa wakati mmoja. Mzee wa namna hiyo akiletewa kijana wa miaka 15 mwenye mwili kama pipa na mkono kama manati, ana njia mbili. Anaweza kumficha pembeni ili aendelee kula mkate wake. Au anaweza kumfundisha mpaka amnyang'anye nafasi. Mackey alimfundisha.

Na alimfundisha nini? Hapa ndipo nilipoona kwamba kudaka ni fundi na mwanafunzi, kama useremala. Kuna kudaka kwa mikono laini, mpira ufike kwenye glavu kama umekaribishwa. Kuna mpira unaogonga chini mbele yako: mtoto yeyote anataka kuudaka kwa mkono, lakini fundi anaangusha magoti, anakunja kidevu na kuuzuia kwa kifua, ili usimpite. Kuna mkono wa kulia, usio na glavu, ambao mpira uliochepuka gongoni huutafuta kama nyuki. Na kuna kurusha. Mchezaji wa timu pinzani aliye kwenye besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mchezaji ili apate pointi) anaweza kuchomoka ghafla kwenda ya pili. Wenyewe wanaita kuiba. Mdakaji ana kama sekunde mbili tu za kuupokea mpira na kuufikisha besi ya pili, umbali wa karibu mita 39, kwa usahihi wa kumwekea mwenzake glavuni. Mackey alikuwa maarufu kwa kurusha akiwa bado amechuchumaa, na akamtia kijana yule darasa. Miaka mingi baadaye, katika kila wezi 100 waliomjaribu Campanella kwenye ligi kuu, 57 walinaswa. Hakuna mdakaji wa ligi hiyo mwenye asilimia kubwa kuliko hiyo kwa maisha yote ya uchezaji.

(Natoka kidogo nje ya mada. Yupo kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, mdakaji naye, aliyejulikana duniani kwa video za mazoezi yake Kampala akitumia matairi chakavu. Kiangazi cha 2023 akaja kuchezea Frederick Keys kule Maryland. Ukizitazama zile video, anachofanya muda mwingi ni hicho cha Mackey: magoti chini, kifua mbele, simama, chuchumaa, rudia.)

Mwaka 1939 Mackey alikwisha kuondoka, na kijana wa miaka 17 ndiye aliyekuwa nyuma ya besi ya nyumbani Elite Giants walipowatoa Homestead Grays, timu iliyokuwa na Josh Gibson, mdakaji aliyeogopwa kwa gongo lake kuliko mtu yeyote katika ligi za Weusi. Sijui kwetu ningekufananishia na nini. Labda kijana wa kidato cha tatu akae golini dhidi ya Simba na asitetemeke.

Maisha yenyewe yalikuwa basi. Wanacheza mchana mji huu, usiku mji mwingine, wanalala vitini, chakula wanabeba kwa sababu hoteli nyingi za njiani haziwauzii. Alisimulia kwamba kuna siku moja alidaka mechi nne. Nne! Mimi nikimaliza zamu moja ya kupakia makasha, ngazi za kwetu ghorofa ya pili nazipanda kwa mkono. Baridi ikianza hakupumzika, alikwenda kucheza Puerto Rico, na kwa miaka ile akafika Cuba na Venezuela pia, akajifunza Kihispania. Mwaka 1942, baada ya kutofautiana na mwenye timu kuhusu faini, alikwenda zake Mexico akachezea Monterrey, akarudi Baltimore baadaye. Huko Amerika ya Kilatini alikula mezani na kulala hotelini kama binadamu mwingine yeyote, na nadhani jambo hilo humkaa mtu rohoni akirudi kwao.

Oktoba 1945 aliitwa Brooklyn, ofisini kwa Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ninakisimulia ghalani mpaka wamenichoka. Rickey alikuwa mzee wa maneno mengi, na alikuwa na jalada nene lenye habari zote za maisha ya Campanella. Wakakaa saa nne nzima. Inasimuliwa kwamba Rickey alimuuliza uzito wake, na alipotajiwa, karibu kilo 98, akashtuka: mtu wa uzito huo hawezi kucheza besiboli! Campanella akamjibu kwamba yeye anachojua ni kuwa amekuwa akicheza kila siku kwa miaka.

Mwishoni Rickey alimuuliza kama angependa kuja kuchezea kwake. Wakati ule Rickey alikuwa ametangaza kwamba anaunda timu mpya ya Weusi, Brown Dodgers, na Campanella akadhani ndiyo anayoitiwa. Akasema hapana, ahsante, kazi ninayo. Rickey hakumfafanulia zaidi, akamsihi tu asisaini mkataba wowote kabla hawajaonana tena. Siku chache baadaye, katika hoteli moja Harlem, Campanella alikuwa akicheza karata na Jackie Robinson. Robinson akamwambia kwa siri kwamba amesaini na Montreal, timu ya ngazi ya chini ya Dodgers. Timu ya Wazungu. Tarehe 23 Oktoba habari zikatangazwa. Pale ndipo Campanella alipotambua mlango aliokuwa amefunguliwa kwa saa nne nzima, naye akaufunga kwa adabu.

Mimi nakiamini kisa hiki kwa sababu najua inavyokuwa. Ukiambiwa hapana maisha yako yote, siku ukiambiwa ndiyo huisikii, unadhani ni hapana ya namna nyingine.

Mlango ulifunguliwa tena, lakini ulikuwa umeshuka daraja. Robinson alipelekwa Montreal, ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Kwa Campanella na Don Newcombe, mrushaji kijana aliyetoka Newark Eagles ya ligi za Weusi, ilitafutwa timu ya ngazi ya chini zaidi itakayokubali kuwapokea. Danville, Illinois, hawakutaka. Ndipo akapigiwa simu meneja mkuu wa Nashua, Buzzie Bavasi, naye akakubali. Mshahara: dola 185 kwa mwezi, chini sana ya aliouacha. Ligi ya New England, daraja B. Mtu wa miaka tisa kazini, aliyedaka mipira ya warushaji wakali kuliko wote wa ligi za Weusi, anapelekwa kukaa na vijana wanaojifunza.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo tunavyosema. Lakini kuku huyu alikuwa mgeni nchini kwake.

Nashua ya 1946 ilikuwa ya viwanda vya mablanketi na Wakanada wengi wa Kifaransa waliokuja kuvifanyia kazi. Weusi walihesabika kwa vidole. Kwa jumla mji uliwapokea vizuri, na wote wawili walisema hivyo baadaye. Ubaya ulikuja na timu pinzani. Mdakaji mmoja wa Manchester, mji wa jirani kabisa ambako leo wako Wakongo wengi tunaosali nao, alimtupia Campanella mchanga usoni. Campanella alikuwa mcheshi, mtu wa kuongea na wapigaji mchezo mzima kama kinyozi, lakini siku hiyo alivua barakoa akamwambia yule bwana kitakachompata akirudia. Hakurudia. Lynn, Massachusetts, matusi yalizidi mpaka Bavasi akawafuata kwenye basi lao akitaka wapigane.

Halafu kuna siku moja ya mwezi Juni ambayo sielewi kwa nini haikuwekewa sikukuu. Meneja wa Nashua alikuwa Walter Alston, aliyekuwa pia mchezaji. Alikuwa amemwambia Campanella mapema kwamba ikitokea yeye akatolewa uwanjani, timu ishikwe na Campanella, kwa sababu ni mkomavu na wachezaji wanamheshimu. Wakicheza na timu ya Lawrence, Massachusetts, Alston akagombana na mwamuzi, akatolewa. Campanella akashika timu. Mtu mweusi anawaongoza wachezaji Wazungu katika besiboli rasmi ya Marekani, mwaka 1946, na hakuna aliyeanguka akafa. Ilipofika wakati mgumu akahitaji mpigaji wa kuingia badala ya mwingine. Akamwita Newcombe, ambaye ni mrushaji, na warushaji kwa kawaida ni wabovu wa gongo. Lakini mdakaji aliyetazama watu wote kwa miezi anajua nani anaweza nini. Newcombe akaupiga mpira ukavuka uzio. Nashua wakashinda.

Mambo ya vifaranga nilitaka kuyaacha, mama Baraka akanikataza. Mfugaji mmoja wa kuku wa hapa alitoa ahadi: kila mchezaji wa Nashua atakayepiga mpira ukavuka uzio atapewa vifaranga 100. Alikuwa hajamfahamu Campanella. Msimu ulipokwisha alikuwa anadaiwa vifaranga 1,400, na wote wakasafirishwa kwenda Philadelphia kwa baba yake, aliyeanza kufuga. Msimu wake: wastani wa kupiga wa .290 (yaani mara 29 katika kila 100), mapigo 13 ya kuvuka uzio katika ligi, pointi 96 zilizotokana na gongo lake, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Pigo la 14 lilikuja kwenye mechi za mtoano. Vifaranga havikubagua.

Mwaka 1947 Robinson alipanda Brooklyn, na Campanella akapelekwa Montreal kudaka mwaka mzima. Alicheza vizuri. Hapo sina la kuongeza.

Mwaka 1948 ndio unaoniudhi. Kila mtu Brooklyn alijua yuko tayari. Meneja, Leo Durocher, alimtaka. Aprili 20, kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi kuu dhidi ya Giants wa New York, aliposimama na gongo kwa mara ya kwanza mpira ulimgonga mwilini. Karibu ligi kuu! Lakini Rickey alikuwa na mpango mwingine. Alitaka ligi ya American Association, ya miji ya katikati mwa Marekani, nayo ipate mchezaji wake wa kwanza mweusi, na alitaka awe Campanella, akichezea St. Paul, Minnesota. Campanella alimweleza bila kuficha kwamba yeye ni mcheza mpira, kazi ya kufungua njia haikuwa yake. Akaenda, maana mkataba ni mkataba.

Najua wapo wanaomtetea Rickey kwa hili, na hoja wanazo: bila yeye pengine hakuna aliyefika. Mimi namheshimu kwa ile ofisi ya Brooklyn. Kwa St. Paul naona alimtumia mtu kama ufunguo. Umri wa mdakaji ni mfupi, magoti hayasubiri historia, na huyu alikuwa amekwisha kuitumia miaka yake kwenye mabasi.

Mechi ya kwanza St. Paul hakupiga kitu. Baada ya hapo akawa kama mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Mechi 35, mapigo 13 ya kuvuka uzio, wastani wa .325. Huko Brooklyn timu ilikuwa imezama mkiani. Mwanzoni mwa Julai akaitwa, na siku aliyorudi alipiga mara tatu vizuri. Hakushushwa tena. Timu iliyokuwa mkiani ilimaliza ya tatu.

Yaliyofuata yako kila mahali, nitayapita mbio. Mchezaji Bora wa ligi yake mwaka 1951, 1953 na 1955. Mwaka 1953 peke yake mapigo 41 ya kuvuka uzio na pointi 142. Mwaka 1955 Brooklyn walichukua World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, mara ya kwanza na ya mwisho kabla timu haijahamia Los Angeles, na meneja wao alikuwa Walter Alston yuleyule wa Nashua. Tarehe 28 Januari 1958, usiku wa barafu, gari lake liliteleza Long Island likapinduka. Shingo ilivunjika, hakutembea tena. Akaishi miaka 35 kwenye kiti cha magurudumu, na kila majira ya kuchipua akaenda Florida kwenye kambi ya Dodgers kuwafundisha wadakaji vijana, akina Mike Scioscia, kama alivyofundishwa na Mackey. Yeye aliingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli la Cooperstown mwaka 1969. Mackey aliingizwa 2006, akiwa amefariki zamani.

Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi saba za Weusi, za kuanzia 1920 hadi 1948, nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa kwenye hesabu rasmi. Kwa hiyo sasa ukifungua ukurasa wa Campanella, mwaka wa kuanza ni 1937. Umri: miaka 15. Miaka 27 baada ya kufa kwake ndipo walipotamka kwamba kazi aliyoifanya ilikuwa kazi.

Rafiki yangu wa Bukavu nilipomweleza hili, alinyamaza kidogo akaendelea kufunga kasha kwa gundi. Kwao alikuwa muuguzi. Miaka 12.

Mwezi wa tisa nimeanza masomo ya jioni ya leseni ya ualimu wa jimbo hili. Fomu ya kujiunga ilikuwa na mstari wa kuandika miaka ya kufundisha. Mwaka juzi fomu ya namna hiyo niliiandika sifuri, kwa sababu ndicho nilichodhani wanataka. Safari hii nimeandika 9, nikaambatanisha barua ya shule ya Morogoro iliyotafsiriwa na kugongwa muhuri, nikatuma.

Baraka naye Jumamosi mpira ulichepuka ukamgonga dole gumba la mkono wa kulia. Kucha imekuwa nyeusi. Mama yake anataka ahamishiwe nafasi nyingine, pale pembeni kwenye majani ambako watoto wanachuma maua. Nimempeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha namna ya kuficha mkono nyuma ya kifundo cha mguu anaposubiri mpira, kama nilivyoona kwenye video. Nikamrushia mipira ya tenisi mpaka giza likaingia. Ule wa mwisho uligonga chini mbele yake, akaangusha magoti, ukamgonga kifuani ukabaki pale kwenye majani.

"Baba," akasema, "rusha mwingine."